Tone Moja la Maji

Hatuna oveni, na keki ya kuagiza imepanda bei,
basi Alhamisi mshahara ulipoingia nikashuka Kariakoo
kwenye kiduka cha vifaa vya mapishi,
nikanunua chokoleti nyeusi, robo kilo,
ikafungwa kwenye gazeti kama nyama.
"Ya mkeo?" muuzaji akaniuliza.
"Ya kazi," nikamjibu. Akacheka.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Tabata bado giza,
mimi na Shukurani tumechuchumaa jikoni kama wezi.
Mama yake yuko zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Leo anatimiza thelathini na sita
na hana hakika kama tunakumbuka.

Ndizi ni za kisukari, zimeiva bila kulegea;
tukazikata mapande, kila pande na njiti yake ya mishikaki.
Nanasi lilikuwa linatiririka maji,
tukalilaza juu ya taulo, tukalipangusa kipande kwa kipande
kama mtoto aliyetoka kuoga.
Embe ni shauri la Shukurani.
Nikamwambia embe linateleza, halishikiki.
"Mama akilishika haliponyoki," akasema,
na hapo nikakosa la kujibu.

Mtungi mdogo, moto wa chini.
Sufuria ya maji, juu yake bakuli,
maji yasiguse kitako: kazi aifanye mvuke.
Chokoleti ikaanza kulegea pembeni,
ikalainika, ikatulia,
ikang'aa kama lami baada ya mvua.

Ndipo kijana akachomoa mwiko kwenye ndoo ya vyombo
akakoroga.
Tone moja. Moja tu, lilikuwa limejificha kwenye mpini.
Chokoleti ikakaza, ikajikunja, ikawa mchangamchanga
mithili ya ugali wa mtu aliyesusa.
Mtoto akanitazama. Ana miaka tisa,
na tayari anaijua sura ya mtu anayehesabu hela kichwani.

Humu ndani nimeharibu makubwa kwa tone dogo kuliko lile:
neno moja, Februari, mbele ya wageni,
kisha wiki nzima mwanamke anapita
kati ya chumba na ua bila kugusa kitasa cha mazungumzo.
Sikumfokea.
Isitoshe nilikuwa nimeficha nusu kwenye kopo la sembe,
si kwa busara, kwa uchoyo:
nilipanga kuila peke yangu.

Mara ya pili tulikausha kila kitu,
mwiko, bakuli, viganja,
hata pua yake niliifuta.
Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Taratibu.
Ndizi ikazama njano, ikaibuka nyeusi,
ikadondosha mara mbili, ikanyamaza.
Nyingine tukazivingirisha kwenye karanga za kutwanga.
Embe likatuponyoka mara tatu;
tukaliokoa kwa uma, limevaa upande mmoja.

Friza ya mtaa ni ya Mama Ngeleja.
Akasogeza barafu zake za ubuyu, akatupa nafasi ya sinia,
ushuru ndizi mbili.
Saa moja kasoro, umeme ukakatika.
"Msifungue!" akatupigia kelele dirishani.
"Baridi haina miguu, mkiifungulia mlango ndipo itaipata!"

Atupele aliingia saa mbili na robo, viatu mkononi,
harufu ya dawa ya kunawia ikimtangulia.
Sinia lilikuwa limetoka jasho,
chokoleti nusu imeganda, nusu inatunza
alama za vidole vya kila aliyeigusa.
Hakusema asante.
Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Watatu usiku huu," akasema. "Wawili wa kike."
Akaziruka ndizi zote nzuri,
akachukua lile embe,
akang'ata upande uliokuwa uchi,
akanipa uliovaa.